Kazi inapokufuata hadi kitandani

Wengi wanaokuja kwa daktari wakilalamikia maumivu ya kichwa, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi hudhani wana malaria. Wapimwapo damu, hakuna kinachoonekana. Ukiwauliza siku yao ya kazi huisha saa ngapi, ndipo utakapogundua kwamba haiishi.

Tangu Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya na watu wengi wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani, simu na kompyuta zimekuwa ofisi ya kubebwa. Faida zake ni nyingi. Hata hivyo, ofisi hiyo haina mlango wa kufungwa jioni.

Chukua mfano wa Elwak, mji wa kaunti ya Mandera ulio karibu na mpaka wa Somalia. Huko wako walimu, wauguzi na maafisa wa serikali walioziacha familia zao Kisii, Machakos au Nairobi. Zamani mfanyakazi kama huyo aliandika barua, akangoja majibu kwa majuma. Leo anaishi mahali pawili kwa wakati mmoja. Mchana anafundisha au anahudumia wagonjwa. Usiku simu inamletea ripoti inayotakiwa na mkubwa wake, homa ya mtoto, na karo ambayo haijalipwa. Mwili uko Elwak, akili iko nyumbani, na hakuna upande unaopata mtu kamili.

Juu ya hayo kuna hofu. Mnamo Novemba 2014 watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo, waliuawa katika basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi. Desemba 2015 basi jingine lilishambuliwa karibu na Elwak. Milingoti ya simu ya eneo hilo nayo imewahi kuharibiwa mara kadhaa na wanamgambo wa Al-Shabaab. Kwa hiyo mtandao ukikatika, mke aliye Machakos hajui kama ni hitilafu ndogo au ni msiba. Mume aliye Elwak naye hakosi usingizi kwa sababu ya risasi tu, bali kwa kujua kwamba mkewe anahangaika.

Mwili huumiaje?

Mwili wa binadamu umeumbwa kukabili hatari, kisha upumzike. Unaposhtuka, homoni ya adrenalini hufanya moyo upige haraka na shinikizo la damu lipande. Simu ikikushtua mchana kutwa na usiku kucha, mapumziko hayapatikani. Dalili zake ni hasira za haraka, kusahau, tumbo kuuma, kupoteza hamu ya chakula au ya unyumba, na kuona kazi haina maana. Wengine hutafuna miraa ili wakeshe, kisha hutafuta tembe za usingizi bila kumwuliza daktari. Hayo huzidisha ugonjwa.

Hili si jambo dogo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki.

Ufanye nini?

Simu yenyewe si adui. Kumpigia mtoto saa anayoijua ni dawa kwake na kwako. Linaloumiza ni kungoja kusikokuwa na mwisho. Kwa hiyo:

Kwanza, weka saa ya kufunga kazi, na uwaambie wakubwa na wenzako. Ikiwa wewe ni muuguzi wa zamu, acha simu ilie kwa dharura tu. Ujumbe mwingine ungoje asubuhi.

Pili, kubalianeni na jamaa zako saa ya kuzungumza, na pia maana ya kimya. Kwa mfano: mtandao ukikatika, tungoje hadi kesho adhuhuri, kisha aulizwe mwenzangu fulani. Kimya chenye mpango hakitishi sana.

Tatu, usilale na simu kitandani. Nunua saa ya kengele.

Nne, tafuta watu wa karibu. Katika shambulio la Desemba 2015, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Jirani unayekunywa naye chai ana nafasi ambayo simu haiwezi kuijaza.

Waajiri nao wana wajibu. Ufaransa ilianza mwaka 2017 kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu ujumbe wa kazi baada ya saa za kazi. Hapa Kenya mswada wa aina hiyo ulipelekwa katika Seneti mwaka 2022. Lakini mkubwa mwenye busara hahitaji sheria ili aache kutuma amri usiku wa manane.

Ukiziona dalili hizi kwa zaidi ya majuma mawili, mwone daktari, nawe umweleze siku yako inavyokwenda, si kichwa kinavyouma tu. Na iwapo umeanza kuwaza kujitoa uhai, usingoje hata siku moja. Mwambie aliye karibu nawe, akupeleke hospitalini leo.