Gofu: Nguvu ya pigo huanzia miguuni, si mikononi

KWA mkazi wa Siongiroi, Kaunti ya Bomet, aliyezoea kupasua kuni, gofu huonekana mchezo rahisi: fimbo huinuliwa, kisha hushushwa kwa nguvu na mpira ukapaa. Hata hivyo, mazoea hayo ya shoka ndiyo humponza anapojaribu mchezo huu katika uwanja wa Kericho.

Shoka huteremka wima na kusukumwa na mabega. Fimbo ya gofu huteremka kwa mshazari, ikizunguka mwili. Mchezaji anapoanza kuishusha kwa mabega, fimbo hutoka nje ya njia yake na kuukata mpira kutoka nje kuja ndani. Kwa atumiaye mkono wa kulia, mpira hupinda kuelekea kulia na kupotelea vichakani. Wengi hutafuta dawa kwa kulenga kushoto au kupiga kwa nguvu zaidi. Kosa huongezeka badala ya kupungua, na mwishowe hukata tamaa.

Mpangilio ufaao huanzia chini. Kwanza uzito wa mwili huhamia mguu wa kushoto, kisha nyonga hugeuka kuelekea shabaha. Kiwiliwili hufuata, halafu mikono, na viganja huja mwisho. Kila kiungo huvuta kinachofuata, mithili ya mjeledi. Kanuni hiyo si ngeni nchini: Julius Yego, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka wa 2015 kwa kurusha mkuki mita 92.72, hukita mguu wa mbele kwanza ndipo mkono ufyatuke.

Ushushaji wa fimbo kwa wachezaji wa kulipwa huchukua takriban robo ya sekunde, ilhali kuiinua huchukua karibu mara tatu ya muda huo. Katika robo hiyo hakuna nafasi ya kusahihisha kosa. Ndiyo maana mwili sharti ufundishwe polepole kabla ya kuingia uwanjani.

Mazoezi mawili hayahitaji gharama. La kwanza hufanywa bila mpira: inua fimbo, tua kidogo ikiwa juu, hamishia uzito mguu wa kushoto, kisha iache mikono ishuke. Rudia mara kumi. La pili, weka kisanduku kitupu cha karatasi sambamba na mpira, upande wa mbali nawe. Ukikigonga, ujue mabega yangali yanatangulia. Atumiaye mkono wa kushoto abadilishe pande.

Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huko huufanya mpira uende mbali kuliko Mombasa. Mchezaji wa eneo hilo hana haja ya kujikamua. Na anayehisi maumivu ya mgongo akome mara moja, kwani kulazimisha pigo huumiza kiuno.