Baiskeli Isiwe Adhabu kwa Mwili

Sisi tuliolelewa Malindi, kwenye njia tambarare na upepo wa bahari, tulidhani tunaijua baiskeli. Tulipohamia Kericho, vilima vya chai vilitufunza upya. Mji huu uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua hupenda kushuka alasiri, na njia ya kuelekea Litein, Kapkatet na hadi Bomet hupanda na kushuka kama mawimbi.

Binti yetu alikuwa akienda shule kwa baiskeli ya kaka yake. Baada ya wiki chache akaanza kuiacha nyumbani na kutembea, akidai kwamba anapenda kutembea. Mama yake alipomwita faraghani, ndipo alipofichua siri: magoti yalimuuma, na alikuwa amechubuka mahali ambapo haya ilimzuia kupataja. Alidhani ndiyo kawaida ya baiskeli.

Haikuwa kawaida. Kiti kilikuwa chini mno, na ncha yake ya mbele imeinuka. Fundi alivirekebisha kwa spana moja, kwa muda mfupi tu.

Kipimo chake ni rahisi. Kaa juu ya kiti, uweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukikanyaga sasa kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limepinda kidogo. Goti likiuma upande wa mbele, mara nyingi kiti ki chini. Likiuma upande wa nyuma, au nyonga zikiyumba, ki juu mno. Kiti kilale sawa, na upana wake ubebe mifupa ya makalio, ambayo kwa wanawake wengi imeachana zaidi. Kiti laini kupita kiasi huzama na kubana. Mikono ikifa ganzi, usukani uinuliwe au usogezwe karibu, na viwiko visikakamae.

Mlimani, badili gia iwe nyepesi kabla mguu haujaelemewa. Kama baiskeli haina gia, kushuka na kuisukuma si aibu.

Mavazi ya stara hayazuii safari. Ndani ya buibui au gauni pana, vaa suruali laini isiyo na mshono mnene. Pindo lifungwe, na mnyororo uwe na kifuniko. Nguo iliyolowa mvua huchubua, basi ibadilishwe mara tu ufikapo. Palipochubuka paoshwe, pakaushwe, na mwili upumzishwe mpaka papone. Jipu, au ganzi isiyoondoka, ni jambo la daktari.

Haya ni pambo la muumini, lakini isigeuke pazia la kufichia maumivu. Mwili ni amana. Akina mama, mtoto akiiacha baiskeli ghafla, msimwite mvivu. Mwulizeni kwa upole, faraghani. Binti yetu sasa hurudi kabla ya mvua, na magoti yake hayana malalamiko.