Gia Nzito kwa Pikapu Isiyo na Foo-Wili: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Mvua za Mkoa wa Singida huja kwa msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili, na kwa mwenye pikapu wa Mitundu hiyo ndiyo miezi ya mtihani. Asali, alizeti na mahindi hutoka vijijini kwa njia za mchanga na za udongo mweusi unaonata, na gari lililokwama kutwa nzima ni hasara kwa mwenye mzigo na kwa mwenye gari. Ndipo hujitokeza fundi au muuza vipuri na ahadi kwamba pikapu ikifungiwa transfa yenye gia nzito, haitakwama tena. Sehemu ya ahadi hiyo ni kweli, na mlaji anapaswa kujua ni sehemu ipi kabla ya kutoa fedha.

Transfa ni kasha la gia linalokaa nyuma ya giaboksi katika magari ya foo-wili. Lina kazi mbili zilizo tofauti: kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, na kupunguza mwendo ili nguvu ya mzunguko iongezeke. Hiyo ya pili ndiyo gia nzito. Chukua mfano wa pikapu ambayo injini yake huzunguka mara 16 hivi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, ikiwa gia namba moja. Transfa yenye uwiano wa 2.5 huzifanya ziwe mara 40 hivi. Injini ikiwa katika mizunguko 1,000 kwa dakika, gari lililokuwa likienda takribani kilomita 8 kwa saa sasa litakwenda 3, yaani polepole kuliko mtu atembeaye. Dereva hahitaji kukanyaga klachi nusunusu ili kupunguza mwendo, na klachi haiungui. Kwa anayepanda mwinuko mkali na mzigo mzito, kuvuta trela kwa taratibu au kushuka korongo bila kutegemea breki peke yake, hiyo ni faida ya kweli.

Lakini nguvu si mshiko. Pikapu inayokwama katika udongo mweusi kwa kawaida haikosi nguvu. Magurudumu ya nyuma yanazunguka bure. Difu ya kawaida huongeza tatizo, kwa kuwa gurudumu moja likiteleza, hilo ndilo linalozunguka na mwenzake husimama. Ukiongeza gia nzito na kuacha magurudumu yale yale mawili yaendeshe gari, umeongeza nguvu ya kuteleza. Kwa hiyo jiulize kwanza: gari langu hukwama injini ikizimika au klachi ikinuka, au hukwama magurudumu yakichimba? Katika hali ya kwanza gia nzito itasaidia. Katika ile ya pili, ambayo kwa maoni yetu ndiyo ya wengi katika nchi ya tambarare kama Mitundu, fedha hizo zingefaa zaidi kununulia matairi ya matope, minyororo ya matairi, au difu ya LSD inayopunguza gurudumu moja kuteleza peke yake. Kwenye mchanga, kupunguza upepo wa matairi hakugharimu kitu, mradi urudishe upepo kabla ya kuongeza mwendo.

Angalia pia kama gari limefungwa matairi makubwa kuliko ya kiwandani. Tairi lililozidi kwa asilimia 10 hufanya kila gia iwe nyepesi kwa kiasi hicho hicho, na wapo wanaotafuta transfa ilhali dawa ni kurudisha matairi ya awali.

Ikiwa bado unaihitaji gia nzito, njia nyepesi kuliko zote ni kubadili krauni na pinioni ya difu. Kutoka uwiano wa 4.1 hadi 4.9 utapata nguvu zaidi kwa takribani asilimia 20 katika gia zote, lakini mizunguko ya injini iliyokupa kilomita 100 kwa saa itakupa 84, na katika magari mengi spidomita itabidi irekebishwe. Njia ya pili ni kufunga giaboksi na transfa ya ndugu wa gari hilo mwenye foo-wili, bila kuunganisha mbele. Hapa propela hufupishwa na kusawazishwa upya, egemeo la giaboksi kwenye chasisi huhamishwa, na sakafu hutobolewa kwa ajili ya mkono wa gia. Si kila transfa inafaa. Ile ya foo-wili ya kudumu, yenye difu ya katikati, isipofungwa itapeleka nguvu mbele kusiko na propela, na gari halitaondoka. Ile inayoendeshwa kwa umeme inataka swichi na kompyuta yake. Kumbuka pia kwamba krosi za propela, ekseli na difu ya pikapu yako huenda hazikuundwa kubeba nguvu iliyozidishwa mara mbili na nusu.

Ama njia ya tatu, ya kuweka ekseli ya mbele na kuligeuza gari kuwa foo-wili kamili, hatuishauri. Mara nyingi ni nafuu kuliuza gari na kununua lililotoka kiwandani hivyo.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora au manufaa ya bidhaa na huduma. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo humlinda mnunuzi aliyemweleza mfanyabiashara kusudi la ununuzi wake na kuutegemea ujuzi wake. Kwa sababu hiyo, kusudi liandikwe. Makubaliano yanayosema tu "kufunga transfa" hayatakusaidia kama yale yanayosema "kufunga transfa ili gari lipande likiwa na tani moja". Dai risiti ya mashine ya EFD inayotaja kipuri na namba yake; kipuri cha mtumba kisicho na asili inayojulikana kinaweza kukuletea polisi. Mwarifu mtoa bima wako kwa maandishi, na kama mabadiliko yanagusa taarifa zilizo katika kadi ya gari, wasiliana na TRA.

Usilipe fedha zote kabla ya kulijaribu gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, kwa gia nzito na kwa gia nyepesi, kisha ukague chini kama kuna oili inayovuja, hasa pale propela ya mbele ingefungwa. Giaboksi ya zamani ni mali yako na ina bei. Iandikwe katika makubaliano kwamba utaondoka nayo.