Tusimlazimishe Mwana Kumkana Mzazi Mmoja

Lugha yetu ina neno "chotara". Kwa mfugaji, kuku au ng'ombe chotara ni sifa, maadamu amerithi mema ya mbegu mbili. Lakini neno lilo hilo likielekezwa kwa binadamu, aghalabu hugeuka kuwa swali: huyu hasa ni wa nani?

Katika ulimwengu wa michezo, swali hilo liliulizwa kwa kishindo mwaka 1997. Mnamo Aprili 13 mwaka huo, Tiger Woods, kijana wa miaka 21, alishinda mashindano ya gofu ya Masters mjini Augusta, Marekani, kwa tofauti ya mikwaju 12. Magazeti yalimtangaza kuwa Mweusi wa kwanza kulitwaa taji hilo. Siku chache baadaye, katika kipindi cha televisheni cha Oprah Winfrey, Woods alieleza kwamba hakuridhika kuitwa Mweusi tu. Babake, Earl, alikuwa Mmarekani Mweusi. Mamake, Kultida, alitoka Thailand. Tangu utotoni alikuwa amejibunia jina, "Cablinasian", lililounganisha Mzungu, Mweusi, Mhindi Mwekundu na Mwasia, kwa kuwa asili zote hizo zimo katika ukoo wake.

Dhoruba ilizuka. Baadhi ya Wamarekani Weusi walimshutumu kwamba anaikana jamii yake. Hofu yao haikukosa msingi. Hadi mwaka 1961, kanuni za chama cha gofu ya kulipwa nchini humo ziliwafungia Weusi mlango. Lee Elder, Mweusi wa kwanza kucheza Masters, aliingia uwanjani mwaka 1975, na klabu ya Augusta yenyewe haikuwa na mwanachama Mweusi hadi mwaka 1990. Waliosubiri muda mrefu kiasi hicho hawangependa kuona shujaa wao akigawanywa mafungu.

Hata hivyo, kumkiri mama si kumkana baba. Siku ile ile ya ushindi, Woods aliwataja kwa shukrani Elder, Charlie Sifford na Ted Rhodes, wachezaji Weusi waliomtangulia. Kwa upande mwingine, Fuzzy Zoeller, Mzungu aliyekuwa bingwa wa Masters mwaka 1979, alifanya mzaha kwamba Woods asije akawaandalia mabingwa wenzake kuku wa kukaangwa, chakula ambacho kwa muda mrefu kimetumiwa kuwadhihaki Weusi. Baadaye aliomba radhi. Lakini katika mzaha ule Thailand haikuwamo. Jicho la ubaguzi halisomi nasaba. Husoma ngozi tu.

Mizani hiyo ilirithiwa kutoka zama za utumwa, na ilishikilia kwamba tone moja la damu ya Mwafrika latosha kumfanya mtu Mweusi. Jimbo la Virginia liliiandika katika sheria mwaka 1924. Sensa ya Marekani nayo haikumruhusu mtu kujitaja kuwa wa asili zaidi ya moja hadi mwaka 2000. Basi anayewadai wazazi wake wote wawili huikataa mizani hiyo, wala haikatai jamii yake.

Tena, si damu iliyomfundisha Woods gofu. Babake alimfunza tangu akiwa mchanga, na mwaka 1978, kabla hajatimiza miaka mitatu, alikuwa ameonyesha ustadi wake katika televisheni.

Walimu na wanafunzi wa humu nchini wasidhani kisa hiki ni cha ng'ambo tu. Shuleni mwetu wamo watoto wa Mkikuyu na Mjaluo, wa Mhindi na Mkamba, wa Mswahili na Mzungu. Mtoto kama huyo akishinda mbio, kila upande humdai. Akishindwa, kila upande humsukumia mwenzake. Mwalimu anayejaza orodha ya timu na aandike jina la mtoto na muda aliokimbia. Nasaba yake tumwachie aisimulie mwenyewe.