Nani anamtegemea nani: hesabu ya kusaidiana Kagera

Mwezi ukipevuka juu ya kisiwa cha Bumbire, Ziwa Victoria, uvuvi wa dagaa husimama. Dagaa huvuliwa gizani: mtumbwi unawasha taa, vijidudu vya majini na dagaa wenyewe wanaufuata mwanga, wavu unateremshwa. Mbalamwezi ikishatanda ziwa zima, taa ya mvuvi haivuti kitu, dagaa wanatawanyika, na vijana wa mwaloni wanabaki kushona nyavu, kupiga soga na kukopa. Anayeaminika dukani anaandikwa kwenye daftari. Asiyeaminika anakwenda kwa jirani. Tatizo ni kwamba jirani naye ni mvuvi wa dagaa, na kilichomkausha huyu ndicho kilichomkausha yule.

Giza likirudi, mambo hugeuka. Mitumbwi ikirejea alfajiri, wakati dagaa wanapelekwa kuanikwa, hawakosekani watu wenye mabakuli: mjane, bibi anayelea wajukuu, mtoto aliyetumwa na mama mgonjwa. Wanachotewa kitoweo, na hakuna anayeandika. Wingu zito likionekana, mkono wa kuchota huwa mwepesi zaidi, maana dagaa wakinyeshewa mchangani huharibika na thamani yao huporomoka. Wanaikolojia wameliona jambo hili katika jamii nyingi duniani: chakula kinachopatikana kwa mafungu makubwa, kwa bahati, na kisichohifadhika kirahisi, hugawiwa zaidi kuliko chakula cha ghalani. Bakuli moja la dagaa halimpunguzii kitu mwenye mtumbwi uliojaa, lakini kwa anayepokea ni mlo wa familia. Pengo hilo kati ya gharama ya mtoaji na faida ya mpokeaji ndilo linalomwezesha mtu wa kipato kidogo kuwa mkarimu mara kwa mara bila kufilisika.

Swali gumu ni umbali ambao mkono huo unafika. Kwa bahati nzuri, mkoa wa Kagera ni miongoni mwa sehemu chache duniani ambako swali hilo limehesabiwa nyumba kwa nyumba.

Mwaka 2000 mchumi Joachim De Weerdt, mtafiti kutoka Ubelgiji, alikwenda na timu yake katika kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, kijiji cha migomba na kahawa kama vingine vya Uhaya. Hawakuchagua kaya chache za mfano. Walizihoji zote, 119, na wakazirudia mara kadhaa kati ya Februari na Desemba. Kila mtu mzima aliombwa ataje watu anaoweza kuwategemea, au wanaoweza kumtegemea yeye, kwa fedha, kwa vitu au kwa nguvu kazi. Majibu hayo yameendelea kuchambuliwa na wanatakwimu wa vyuo vikuu vya mbali hadi leo, na jina la Nyakatoke linajulikana kwenye mihadhara ya uchumi ya Ulaya na Marekani.

Kaya 119 zinaweza kuunda jozi 7,021. Jozi ambazo angalau upande mmoja uliutaja mwingine zilikuwa 490, yaani takriban asilimia 7. Kwa wastani, kila kaya ilikuwa na kaya kama 8 za kuegemea. Kwa hiyo ile picha tunayopenda kuwachorea wageni, kwamba kijijini kila mtu ni ndugu wa kila mtu, haipo kwenye takwimu. Mtu ana watu wake wanane, na wanane hao wana wanane wao.

Hata hivyo mtandao huo mwembamba unafika mbali. Jozi 2,666 ziliunganishwa kwa hatua mbili, yaani kupitia mtu mmoja wa kati, na nyingine 3,298 kwa hatua tatu. Ukijumlisha, zaidi ya jozi 9 katika kila 10 ziko ndani ya hatua tatu, na kaya zilizo mbali zaidi kabisa zimetenganishwa na hatua tano tu. Debe la mahindi linaweza kutoka mwisho mmoja wa kijiji hadi mwingine kwa kukopeshana, bila wa kwanza na wa mwisho kuwahi kuombana kitu.

Kilichonishika zaidi ni namba nyingine. Kati ya jozi 490, ni 140 tu ambazo pande zote mbili zilitajana. Katika zilizobaki, mmoja alimhesabu mwenzake, mwenzake hakumtaja. Wachumi Margherita Comola na Marcel Fafchamps wameandika kwa kirefu juu ya namna ya kusoma majibu ya aina hiyo, kama ni uhusiano uliopo au ni matamanio ya mtu anayewaza angemkimbilia nani. Mimi naona hata bila hesabu zao jambo moja liko wazi: wapo watu wanaolala wakiamini wana tegemeo, na tegemeo lenyewe halina habari.

Nani basi anashikamana na nani? Undugu wa damu unakuja mbele, kisha nyumba kuwa karibu, ukoo, dini, na mali. Hapo kwenye mali ndipo penye mwiba. De Weerdt aligundua kwamba kaya maskini zina mahusiano machache kuliko kaya zenye nafuu. Si kwamba zinachukiwa. Kuombana ni jambo la kupokezana, na asiye na cha kurudisha huona haya kuomba, au huombwa mara chache hadi akasahaulika. Mwenye haja kubwa kuliko wote ndiye mwenye milango michache ya kubisha.

Ugonjwa ndio ulioupima mtandao huo. De Weerdt na Stefan Dercon, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, walifuatilia kaya zilizouguliwa. Chakula hakikutetereka sana: ndizi na maharage viliendelea kupatikana, kwa kiwango kinachoonyesha kwamba kijiji kizima kilihusika. Matumizi mengine, ambayo si chakula, hayakulindwa na kijiji kizima. Hapo mtu alitegemea watu wake mwenyewe. Ukiumwa Nyakatoke hutakosa mkungu mlangoni. Nauli ya kwenda hospitali ni habari nyingine.

Baadaye De Weerdt na Fafchamps waliuliza kama misaada hiyo ni mkopo uliovaa joho la wema: nikupe leo, unipe kesho. Kama ingekuwa hivyo tu, mtu mwenye ulemavu au ugonjwa usiopona angeachwa, kwa sababu zamu ya kulipa haitafika. Haikuwa hivyo. Ndugu hasa waliendelea kuwapa hao bila kurudishiwa. Nasisitiza matokeo haya kwa sababu wachumi wana ugonjwa wao wa kutafuta faida nyuma ya kila tendo. Hata nje ya tafiti hizo, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi waliwahi kufika kwa mitumbwi yao kuokoa abiria wasiowajua. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 walipona. Hakuna mvuvi aliyeuliza abiria gani atamlipa.

Mazishi yana utaratibu tofauti kabisa. Vyama vya kuzikana vya Nyakatoke vilichunguzwa sambamba na vya Ethiopia, na watafiti wakakuta wanachama wanaojulikana, kanuni, viwango vya michango na faini kwa wanaokwepa. Hii ni bima kwa kila kipimo, inayoendeshwa na wakulima wasio na ofisi. Inashangaza kidogo ukiitafakari: kumzika mtu kuna kanuni na kiwango, lakini kumtibu angali hai kunategemea anamjua nani.

Udhaifu mkubwa wa kusaidiana jirani kwa jirani ndio ule wa wavuvi wa Bumbire wakati wa mbalamwezi. Bima ya aina yoyote hufanya kazi pale msiba unapompata mmoja na kuwaacha wengine. Unapowapata wote kwa pamoja, hakuna wa kumpa mwenzake. Mbalamwezi angalau inajulikana tarehe zake. Mnyauko wa migomba, uliogunduliwa Muleba mwaka 2006, haukupiga hodi. Shamba moja likishaambukizwa, majirani wa kukuazima mkungu nao wanakata na kufukia migomba yao. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliharibu maelfu ya nyumba Kagera mchana mmoja. Siku kama hizo tegemeo lazima liwe mbali, mahali ambapo msiba haukufika.

Kagera inalo tegemeo hilo, na hilo nalo limepimwa. Kati ya 1991 na 1994, UKIMWI ulipokuwa ukiwamaliza watu wazima wa mkoa huo, kaya 915 zilihojiwa ili kujua vifo hivyo vinaziathiri vipi. Watu wa kaya hizo walitafutwa tena mwaka 2004 na 2010, popote walipohamia, hadi Mwanza, Dar es Salaam na Uganda. Waliohama waliinuka kiuchumi kuliko ndugu waliobaki. De Weerdt na Kalle Hirvonen walionyesha pia kwamba nyumbani kukiharibika, aliyehama hupunguza matumizi yake kuwainua waliobaki, lakini yeye akipatwa na shida, ya nyumbani hayabadiliki. Kijana wa Kariakoo anayelalamika kwamba simu ya kijijini haijawahi kumuuliza hali bila kumuomba pesa ana takwimu za kumuunga mkono.

Kijana huyo hutuma pesa kwa simu. Mchumi Emily Riley alichambua takwimu za Tanzania kuhusu vijiji vilivyokumbwa na ukame au mvua zisizo za kawaida, na akakuta kwamba waliokuwa wakitumia pesa za simu hawakulazimika kupunguza matumizi. Majirani zao wasiozitumia walipunguza. Zaidi ya hapo, fedha iliyoingia kijijini kwa simu haikuonekana kusambaa kwa wasiotumia huduma hiyo. Lile bakuli la dagaa linaonekana na kila mtu, ujumbe wa muamala unasomwa na mmoja. Hata hivyo, kwa wanaoitumia, simu ndiyo njia ya msaada wa mbali, na ndiyo maana tozo za serikali kwenye miamala ya simu zilizoanza Julai 2021, kisha zikapunguzwa Septemba baada ya watu kupiga kelele, hazikuwa kodi ya anasa. Zilikata fedha ya mgonjwa akiwa bado kitandani.

Husemwa sana kwamba maskini ni wakarimu kuliko matajiri. Majaribio madogo ya maabara huko Marekani mwaka 2010 yalidokeza hivyo, lakini takwimu kubwa zilizofuata Ulaya na Marekani hazikuthibitisha. Tuliache. Lenye uzito zaidi ni kwamba kutoa humfurahisha mtoaji hata akiwa na kidogo: mwanasaikolojia Lara Aknin na wenzake walilikuta hilo Kanada na Uganda pia, ingawa Waganda walikuwa wepesi zaidi kuliko Wakanada kukumbuka kutoa kwa sababu ya ugonjwa na dharura.

Kuhusu nani ni mkarimu, Wahadzabe, wawindaji wa Ziwa Eyasi, wanatufundisha jambo jingine. Watafiti Coren Apicella, Audax Mabulla na wenzao walizirudia kambi zao kwa miaka 6 wakipima nani anagawa asali na nani anajiwekea. Watu walihamahama kambi, na tabia zao zilifuata kambi waliyohamia kuliko ukarimu waliouonyesha awali. Wavuvi nao huhama, leo Bumbire, mwezi ujao kisiwa cha Goziba au Ikuza. Siwezi kuthibitisha kwamba mwalo hufanya kazi kama kambi ya Wahadzabe, lakini kauli ya kwamba fulani ni mchoyo kwa kuzaliwa siiamini tena.

Kutoa kuna upande wake mchungu pia. Magharibi mwa Kenya, wachumi Pamela Jakiela na Owen Ozier waliwapa watu fedha za kuwekeza, na wanawake waliokuwa na ndugu karibu wa kuwaona walikubali faida ndogo ili kuficha kiasi walichopata. Anayekopwa kila siku hawezi kukuza mtaji, na huo ni ukweli ambao mahubiri yetu ya undugu huuruka.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: kusaidiana kwa Kagera ni mfumo halisi, unalisha watu na unazika watu, lakini haujawahi kuweza kulipia matibabu ya aliye maskini kabisa, na si haki kumtwika jirani kazi hiyo. Bunge lilipitisha muswada wa Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Sheria haitamtafuta bibi wa mwisho wa njia mwenye mlango mmoja tu wa kubisha. Wanaomjua ni ninyi. Kikao kijacho cha chama chenu cha kuzikana, mkishasoma michango na faini, wekeni ajenda moja ya ziada: kaya ipi hapa kwetu haina wa kumtaja, na nani atailipia kadi ya bima mwaka huu.