Jiko la umeme Tongoni: Gharama iliyojificha ukutani

WENYE nyumba za kulala wageni na migahawa kandokando ya barabara ya Tanga–Pangani wanaotaka kuachana na mkaa na kuweka jiko la umeme wanapaswa kupiga hesabu mbili. Ya kwanza ni bei ya jiko dukani, na hiyo kila mtu huiuliza. Ya pili ni bei ya waya, swichi, erthi na fundi mwenye leseni. Hiyo husahaulika, nayo ndiyo inayoamua kama mtaji utabaki au utateketea.

Soko la majiko haya lilipata msukumo Mei 2024, pale Serikali ilipozindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lakini jiko linaloundwa kwa ajili ya jiko la kisasa la Ulaya halikutengenezwa kwa kuifikiria Tongoni, kijiji cha wavuvi na magofu ya kale kusini mwa mji wa Tanga. Hapa hewa ina chumvi, ardhi ni mchanga na matumbawe, na paa la makuti bado halijaisha. Cheche ndogo ukutani kwenye nyumba ya bati huweza kuacha doa jeusi tu. Chini ya makuti, cheche hiyohiyo humaliza nyumba.

Hesabu yenyewe si ngumu. Umeme wa TANESCO wa njia moja ni volti 230. Plagi ya kawaida ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampia 13, yaani haiwezi kubeba zaidi ya wati 3,000 hivi. Jiko dogo la sahani moja au mbili lenye wati 2,000 linaweza kutumia soketi ya ukutani iliyo nzima, mradi lisichomekwe kwenye ekstensheni wala kugawana soketi na friji au birika. Jiko la kioo la sahani nne, la indaksheni au la kawaida, aghalabu huandikwa wati 7,000. Gawa kwa 230 utapata ampia 30. Hilo si jiko la plagi hata kidogo.

Breka hailindi jiko

Makosa mengi huanzia hapo. Fundi wa mtaani huchukua waya wa soketi wa milimeta 2.5 za mraba, akauunga kwenye jiko, kazi ikaisha. Siku ya kwanza sahani moja inawashwa na chai inachemka. Siku ya wageni sahani zote nne zinawashwa na sakiti breka inaanguka. Fundi anaitwa tena, anatoa breka ya ampia 20 na kuweka ya 32, na jiko halizimi tena. Mwenye nyumba anamshukuru na kumlipa.

Alicholipia ni hatari. Breka haikuwekwa kulilinda jiko, imewekwa kuulinda waya. Ilipokuwa ikianguka ilikuwa inafanya kazi yake, ikisema waya umezidiwa. Baada ya kubadilishwa, waya mwembamba unaendelea kupata moto ndani ya ukuta au juu ya dari bila kuzuiwa, plastiki yake inakauka na kupasuka, na shoti inaweza kuja miezi kadhaa baadaye, usiku, jiko likiwa limeshasahaulika.

Kazi iliyo sahihi ni jiko kuwa na njia yake yenyewe kutoka kwenye mein swichi. Kwa jiko la wati 7,000 mafundi hutumia waya wa shaba wa milimeta 6 za mraba na breka ya ampia 32, na hupanda hadi milimeta 10 kama jikoni ni mbali au waya unapita mahali pa joto. Karibu na jiko huwekwa swichi ya kuzimia inayokata nyaya zote mbili, na inakaa pembeni, ndani ya meta 2. Kuiweka juu ya jiko ni kumlazimisha mpishi avuke moto wa mafuta ili azime umeme. Skrubu za kubania waya zikazwe sawasawa, kwani kiungo kilicholegea huchoma hata kama waya ni mnene.

Erthi inastahili fedha zaidi Tongoni kuliko bara. Mchanga mkavu hupitisha umeme vibaya, na nondo ya erthi iliyopimwa wakati wa masika inaweza kuwa haifai kitu Februari. Chumvi nayo hula kibanio cha juu mpaka waya unaning'inia tu. Kwa hiyo erthi ipimwe kiangazi, na iongezewe swichi ya usalama ambayo mafundi huiita RCD, ile ya miliampia 30, inayokata umeme mara tu unapovuja kwenda kwenye bati la jiko au mkono wa mpishi. Swichi hiyo haichukui nafasi ya breka. Vinahitajika vyote viwili.

Katika nyumba za zamani fundi asiamini rangi. Nyaya za mfumo wa zamani wa Kiingereza ni nyekundu kwa umeme hai na nyeusi kwa ule wa kurudi. Za sasa ni kahawia na bluu. Nyumba iliyoongezewa vyumba huwa na zote, na kwenye mfumo wa zamani wa njia tatu bluu nayo ilikuwa hai. Izimwe mein swichi, kisha ipimwe.

Rola kwenye mizani

Wenye maduka ya vifaa vya umeme wana la kwao. Shaba hufuata bei za Soko la Metali la London, na Mei 2024 tani moja ilivuka dola 10,000. Shaba inapopanda, waya wa alumini uliopakwa shaba hupata wateja. Kwa macho ni uleule, lakini alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba, hivyo waya wa "6" wa namna hiyo hufanya kazi kama wa chini ya 4.

Mizani haidanganyi. Meta 100 za waya mmoja wa milimeta 6 zina karibu kilo 5.4 za shaba tupu. Rola lisilofika kilo 4 pamoja na plastiki yake lirudishwe lilikotoka. Alama ya TBS itazamwe, lakini alama huigizwa, uzito ni vigumu zaidi.

Kwa wanunuzi wa mitumba, majiko mengi ya Ulaya yameandaliwa pia kwa umeme wa njia zaidi ya moja, volti 400. Nyuma yake kuna vipande vidogo vya shaba vya kuunganisha vituo, na kila mpangilio wa umeme una namna yake ya kuvipanga, iliyochorwa kwenye kibandiko. Kosa hapo huunguza mtambo wa ndani siku ya kwanza. Jiko lililopoteza kibandiko lishushwe bei au liachwe.

Fundi awe na leseni ya EWURA, na TANESCO wajulishwe mzigo unapoongezeka. Karatasi zake zitunzwe; siku ya kudai bima ya moto zitaulizwa. Nyumba iliyounganishwa kwa kile kifaa cha UMETA cha miradi ya REA, bila wayaringi kamili, isiwekewe jiko kubwa kabisa.

Ipo pia bili. Kwa agizo la bei la EWURA la mwaka 2016, mteja wa D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila uniti inayozidi. Nyumba ya uniti 60 hulipa 6,000 kabla ya kodi. Ikiongeza uniti 60 za kupikia, bili inakuwa 23,250, na ikihamishiwa T1, kwa 292 kwa uniti, inafika 35,040. Mgahawa ambao tayari uko T1 hauna mshtuko huo: uniti 60 zilezile zinauongezea 17,520, kiasi ambacho mwenye mgahawa anaweza kukilinganisha moja kwa moja na magunia ya mkaa anayonunua kwa mwezi.