Kila Samaki na Jiwe Lake

Watoto wa Kasongo wanaujua mto Lualaba. Lakini je, wanajua kwamba sehemu ya maji yake inatoka mbali, katika ziwa Tanganika? Mto Lukuga hutoka ziwani karibu na mji wa Kalemie, huenda upande wa magharibi, na kuingia katika Lualaba. Kisha maji hayo hushuka pamoja mpaka Kasongo. Watoto wa Kabambare nao wamesikia habari za ziwa hilo, maana njia ya zamani ya misafara, iliyotoka ziwani kwenda Kasongo, ilipita kwao.

Ziwa Tanganika ni kubwa sana. Urefu wake ni kilometa 673, na kina chake kinafika meta 1,470. Duniani kote ni ziwa moja tu linalolipita kwa kina, nalo ni Baikal katika nchi ya Urusi.

Samaki wa ziwa hili hawana tabia moja. Ndagala hutembea katikati ya ziwa makundi kwa makundi, wala hawalindi mahali popote. Lakini kandokando, penye mawe mengi, wanakaa samaki wengine, wadogo, wa rangi nzuri. Aina zao ni nyingi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Mmojawapo wataalamu humwita Tropheus. Urefu wake ni sentimeta 12 hivi. Ni mdogo, lakini ni mkali kama mbwa mlangoni pa bwana wake.

Ukali wake unatoka wapi? Tazameni chakula chake. Tropheus hula ule utelezi wa kijani unaoota juu ya mawe ndani ya maji. Utelezi huo hauoti ila mahali panapofika mwangaza wa jua. Basi jiwe lenye utelezi ni shamba lake. Mwenye shamba asipolilinda, wengine watavuna.

Samaki mwingine akikaribia, mwenye jiwe haanzi kwa kuuma. Kwanza hutandaza mapezi yake, huonyesha rangi zake, na kutikisa mwili. Ni kama anasema: «Hapa pana mwenyewe.» Mgeni asiposikia, ndipo hufukuzwa na kuumwa. Mgeni hukimbia, na mwenyeji hamfuati mbali. Hurudi upesi kulinda jiwe lake. Hivyo ugomvi huisha, na kila mmoja hubaki mzima.

Tena, samaki hawa hawagombani na kila mtu. Mtaalamu mmoja wa nchi ya Austria, jina lake Konrad Lorenz, aliwafuga samaki wa baharini wanaokaa penye matumbawe, akawatazama kwa saburi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1963 alieleza kwamba samaki hao humshambulia zaidi yule wa aina yao wenyewe, na wa aina nyingine humwacha apite. Sababu si ngumu. Mkulima hagombei shamba na mvuvi. Hugombea na mkulima mwenzake. Samaki wa aina moja hutaka chakula kile kile, shimo lile lile, na jike yule yule.

Sasa sikilizeni habari ya samaki waliotolewa kwao. Ulaya, Marekani na Japani wako watu wengi wanaofuga samaki nyumbani, ndani ya sanduku la kioo lililojaa maji. Wengine hufuga samaki wa bahari katika maji ya chumvi. Wengine huwapenda samaki wa Tanganika. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, alikuwa Bujumbura, akiwapeleka samaki hao ng’ambo kwa ndege, wakiwa hai ndani ya mifuko ya maji. Mwaka 1978 alitoa kitabu juu ya samaki wa ziwa hilo.

Wafugaji wengi walishangaa. Walinunua samaki wawili ao watatu, wakawatia katika sanduku zuri, na baada ya siku chache wakakuta mmoja tu ndiye mzima. Kulitokea nini?

Ziwani, aliyeshindwa hukimbia akaenda zake. Katika sanduku hana pa kwenda. Akikimbia meta moja, anagonga kioo. Akigeuka, anakutana tena na mwenyeji wake. Mwenyeji naye anaona kwamba huyu mgeni haondoki, basi anauma tena, asubuhi mpaka jioni. Mnyonge mapezi yake yanararuka, rangi yake inafifia, anasimama pembeni karibu na uso wa maji, wala hali chakula. Mwisho hufa. Kumbe samaki hakugeuka kuwa mbaya. Tabia yake ni ile ile ya ziwani. Kilichopungua ni nafasi.

Kwa hiyo mfugaji mwenye akili hapotezi wakati kumkasirikia samaki. Hutengeneza mahali wanapokaa. Njia zake ni hizi.

Kwanza, huchagua sanduku refu. Kwa Tropheus, sanduku lisipungue meta moja na sentimeta 20. Urefu ni bora kuliko kimo, maana anayefukuzwa hukimbia mbele, si juu.

Pili, hupanga mawe yenye mapango na matundu. Jiwe kubwa ni ukuta: samaki wasioonana hawagombani. Na mnyonge hupata mahali pa kujificha na kupumzika.

Tatu, hawafugi Tropheus wawili ao watatu tu. Huwaweka kumi na wawili, ao ishirini, madume wachache na majike wengi. Jambo hili ni la ajabu, lakini lina maana. Wakiwa wachache, mkali humfuata mnyonge mmoja mchana kutwa. Wakiwa wengi, kila anapomfukuza mmoja, mwingine anaingia nyuma yake. Hivyo hasira yake hugawanyika, wala haimwui mtu. Ila kundi kubwa lataka sanduku kubwa, na maji ya kubadilishwa mara kwa mara, yasichafuke.

Nne, huangalia namna ya kuwaingiza wageni. Akina mama wa vijijini wanajua kwamba kuku mgeni akitiwa katika kundi mchana, wenzake humdonoa. Humwingiza usiku, wakati wenyeji wamelala. Mfugaji wa samaki hufanya vivyo hivyo: huzima taa, huwatia wageni kadhaa kwa mara moja, wala si mmoja peke yake. Kabla ya hapo huhamisha mawe yote. Kukipambazuka, wenyeji hawayaoni mashamba yao ya jana. Wote ni wageni sawasawa, na kila mmoja hutafuta mahali upya.

Tano, akiwapo mmoja anayezidi kuwatesa wenziwe, mfugaji humtoa yeye, si mnyonge. Humweka katika chombo kingine kwa siku kadhaa. Huku nyuma wenzake hugawana mawe yake. Siku anaporudishwa, yule aliyekuwa bwana ni mgeni, na ukali wake umepungua.

Wako samaki wengine wa Tanganika ambao hata njia hizi hazitoshi kwao. Aina moja iliitwa brichardi mwaka 1974, kwa heshima ya yule Pierre Brichard. Samaki hawa hukaa kwa jamaa. Baba na mama hulinda mayai, na watoto wakubwa hukaa pamoja nao, wakiwalinda wadogo zao. Ni jambo zuri kulitazama. Lakini katika sanduku dogo, wazazi hao huona kwamba sanduku zima ni nyumba yao, na jirani yeyote ni adui wa watoto wao. Wanaweza kuwaua wote. Dawa ni moja: wapewe sanduku lao wenyewe.

Wahenga walisema: Mafahali wawili hawakai zizi moja. Ni kweli, kama zizi ni finyu. Ziwani kila samaki ana jiwe lake, na anayeshindwa ana njia ya kuondoka. Anayemtoa samaki kule na kumfungia ndani ya kioo amemnyang’anya njia hiyo. Basi ni juu yake kumpa nafasi ya kutosha na mahali pa kujificha. Asiyeweza kumpa hayo, heri amwache ziwani.

Maswali

1. Maji ya ziwa Tanganika yanafikaje Kasongo?
2. Kwa nini Tropheus hulinda jiwe lake?
3. Aliyeshindwa ziwani hufanya nini? Na katika sanduku la kioo je?
4. Kwa nini mfugaji huhamisha mawe kabla ya kuwatia wageni?
5. Nyumbani kwenu kuku mgeni huingizwaje katika kundi? Eleza.